Historia Iliyolala Topeni: Akiolojia ya Vyombo na Bandari za Kale katika Ghuba ya Winam

Akiolojia ya majini ni tawi la elimu ya mambo ya kale linalochunguza vyombo vya usafiri, bandari, shehena na maisha ya watu walioishi kwa kutegemea maji, iwe masalia yao yamezama baharini, yamefukiwa na tope la ziwa, au yamebaki kwenye nchi kavu iliyowahi kuwa ufuo. Elimu hiyo inapotajwa nchini Kenya, fikra hukimbilia Lamu, Shanga, Gedi na Mombasa, miji ya zama za kati iliyofikiwa na bidhaa za majahazi kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi, na ambako misikiti ya mawe na vigae vya kauri ya China vimewapa wataalamu ushahidi unaoonekana kwa macho. Kisumu na ufuo wa Kenya wa Ziwa Viktoria havitajwi sana katika orodha hiyo, kwa sababu wasafiri wa ziwa hawakujenga misikiti wala magati ya mawe, na mitumbwi yao ya zama hizo haijawekwa katika makumbusho yoyote. Hata hivyo, watu wamelivuka ziwa hili kwa vyombo kwa zaidi ya miaka elfu moja, na ushahidi wa safari zao upo, ila umetawanyika: sehemu moja iko visiwani, nyingine kwenye malundo ya makombe, nyingine katika ufundi wa kushona mbao, na nyingine, ambayo huenda ndiyo kubwa kuliko zote, imelala katika tope la Ghuba ya Winam, mahali ambapo mitambo ya ujenzi inaweza kufika kabla ya watafiti.

Ufuo usiokaa mahali pamoja

Ziwa Viktoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake kikubwa kabisa ni kama mita 80 tu, kwa hiyo kwa kulinganisha upana wake na kina chake ni ziwa la maji mafupi. Kenya inamiliki takriban asilimia 6 ya eneo hilo, na sehemu kubwa ya mgawo wake imo katika Ghuba ya Winam, mkono wa maji unaoingia bara kwa takriban kilomita 60 kuelekea mashariki hadi Kisumu, wenye kina cha wastani cha mita 10 au pungufu. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa lenyewe, na kiasi kinachokaribia hicho huondoka kwa kugeuka mvuke, jambo linaloufanya uso wa ziwa upande na kushuka kwa kufuata mvua za miaka mfululizo. Kati ya mwishoni mwa 1961 na katikati ya 1964 ziwa lilipanda kwa takriban mita 2.5, na mwezi Mei 2020 likafikia tena kiwango cha rekodi hiyo, maji yakafunika mialo, yaani mahali pa kupandishia mitumbwi na kuuzia samaki, pamoja na mashamba na nyumba zilizokuwa kando yake.

Kwa mwanaakiolojia, badiliko la mita mbili za wima si jambo dogo. Katika nchi tambarare kama uwanda wa Kano, mashariki ya Kisumu, kupanda kwa maji kwa kiasi hicho kunaweza kuusogeza ufuo bara kwa mamia ya mita, na kushuka kwake kunaweza kuuacha mwalo wa zamani mbali na maji, ukiwa umefunikwa na mafunjo na udongo wa mito. Mabadiliko ya kale yalikuwa makubwa zaidi. Sampuli za tope zilizotolewa chini ya ziwa zimeonyesha kuwa karibu ziwa lote lilikauka mnamo miaka 17,000 iliyopita na kujaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita, na kwa kuwa Ghuba ya Winam ni ya maji mafupi, vipindi vya ukame viliiunganisha na bara ardhi ya visiwa kama Rusinga, ambako mifupa ya kale ya wanyama wa mbugani inathibitisha kuwa palikuwa na nyasi pasipo na mawimbi.

Zama za kati nazo, yaani karne za kati ya mwaka 500 na 1500 hivi, hazikuwa na hali ya hewa tulivu. Utafiti wa tope la Ziwa Naivasha uliochapishwa mwaka 2000 na Dirk Verschuren na wenzake ulionyesha kuwa Kenya ilipitia kipindi kirefu cha ukame kati ya mwaka 1000 na 1270, kikafuatwa na karne za mvua zaidi zilizokatizwa na ukame wa vipindi vitatu. Ushahidi mwingine unatoka mbali, kwenye kisiwa cha Roda mjini Cairo, ambako kipimo cha maji ya Mto Naili kilisomwa mwaka hadi mwaka kwa karne nyingi. Mafuriko ya kiangazi ya mto huo hutoka hasa katika nyanda za juu za Ethiopia, ilhali maji ya msimu wa upungufu hutegemea kwa kiasi kikubwa Naili Nyeupe, mto unaoanzia Ziwa Viktoria, na kwa sababu hiyo viwango vya chini vya kila mwaka hutumiwa, kwa tahadhari, kukisia hali ya ziwa lililo maelfu ya kilomita kusini. Atakayetafuta bandari ya mwaka 1100 kwenye ufuo wa Kisumu hana budi kuanza na swali la mahali ufuo wenyewe ulipokuwa mwaka huo.

Vigae vya udongo kama mashahidi wa safari

Uhusiano wa watu na ufuo huu ni wa kale kuliko kilimo. Kandokando ya ghuba na kwenye mito inayoingia ziwani kuna malundo ya makombe ya kome na konokono wa maji baridi, yaliyochanganyika na mifupa ya samaki, vipande vya mawe yaliyochongwa na vigae vya vyungu vya mtindo unaoitwa Kansyore, kutokana na jina la kisiwa kilicho katika Mto Kagera. Uchimbaji uliofanywa na Peter Robertshaw na wenzake katika miaka ya 1980, na baadaye na watafiti wengine katika maeneo kama Gogo Falls kwenye Mto Kuja, Wadh Lang'o na Usenge, umeonyesha kuwa watu hao walikuwa wavuvi na wawindaji waliofinyanga vyungu maelfu ya miaka kabla ya ng'ombe na chuma kufika ufuoni. Malundo yao ni kumbukumbu ya vyakula vya ziwani, lakini hayathibitishi yenyewe kuwa walikuwa na vyombo, kwa kuwa kome huokotwa kwa miguu, na samaki wanaopanda mito wakati wa mvua hunaswa kwa nyua na mitego.

Ushahidi wa kuvuka maji unapata nguvu wakati wa vyungu vya Urewe. Jina hili ni la mahali katika eneo la Siaya, ambako Arkidikoni (Archdeacon) wa kanisa la Anglikana Walter Edwin Owen, aliyekuwa na hamu kubwa ya mambo ya kale, alikusanya vigae vya namna ya pekee, na mwaka 1948 Mary Leakey, Louis Leakey na Owen wakavieleza katika chapisho la kitaalamu. Mwenye kukishika chungu cha Urewe huona alama mbili kwa haraka: kitako chake mara nyingi kina kishimo kidogo kilichobonyezwa kwa kidole udongo ukiwa bado mbichi, na ukingo wa mdomo wake umekatwa kwa bapa kadhaa zinazofuatana, chini yake kukiwa na michoro ya mistari iliyopishana na mikunjo ya duara. Waliovifinyanga walikuwa wakulima na wafua chuma, na katika upande wa Kenya wa ziwa kazi zao huwekwa katika karne za kwanza za baada ya Kristo na kuendelea hadi ndani ya zama za kati, wakati ambapo katika sehemu nyingi za Maziwa Makuu mtindo wao ulianza kuachia nafasi vyungu vilivyopambwa kwa kubiringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi.

Vigae hivi vinageuka kuwa ushahidi wa usafiri wa majini pale vinapopatikana mahali pasipofikika kwa miguu. Mfano ulio bora ni kisiwa cha Lolui, kilicho upande wa Uganda karibu na mpaka wa Kenya, mbali na bara na kimezungukwa na maji pande zote. Merrick Posnansky alifanya kazi huko mwaka 1964 na 1965, akakuta vigae vya Urewe pamoja na michoro ya mwambani na mawe yanayolia kama kengele yanapogongwa. Kigae kimoja hakisemi mengi, lakini makazi ya kudumu kisiwani yanasema: wafinyanzi, mbegu, mifugo na moto vilivushwa, na kuvushwa huko kulihitaji chombo chenye uwezo wa kubeba mzigo na kustahimili mawimbi ya ziwa wazi, mabaharia waliojua majira ya upepo, na mahali pa kutia nanga kwenye ncha zote mbili za safari. Hiyo ndiyo namna akiolojia inavyoweza kukitambua chombo ambacho hakikubaki hata ubao mmoja.

Kwa karne zilizofuata, mapokeo ya watu wa ufuoni yanajazia mahali ambapo vigae vinanyamaza. Historia ya Abasuba wa Rusinga na Mfangano inaeleza kuwa mababu wengi wa koo zao walikuja kwa mitumbwi kutoka pande za Buganda na Busoga, hasa katika karne ya 18, wakipita kutoka kisiwa hadi kisiwa. Huko Mfangano walikuta kazi ya mikono ya watu waliowatangulia, kwa kuwa katika mapango ya Mawanga na Kwitone kuna michoro ya duara zilizowekwa moja ndani ya nyingine kwa rangi nyekundu na nyeupe, ambayo wataalamu huihusisha na wawindaji wa kale na ambayo wenyeji wameiheshimu kama mahali pa kuombea mvua. Kisiwa hicho, kwa hiyo, kilipokea angalau mawimbi mawili ya watu.

Mbao zilizoshonwa

Chombo kinachojulikana vyema zaidi katika historia ya ziwa kabla ya ukoloni ni mtumbwi wa mbao zilizoshonwa, ambao Waganda na hasa mafundi wa visiwa vya Ssese waliuendeleza hadi kiwango cha juu. Mwaka 1875, Henry Morton Stanley aliona majeshi ya Kabaka Mutesa wa Kwanza yakipigana na watu wa Buvuma kwa mamia ya mitumbwi, na mtumbwi mkubwa kuliko yote aliyoipima ulikuwa na urefu wa zaidi ya mita 20. Kwa kuwa maelezo ya aina hiyo yaliandikwa na wageni wa karne ya 19, hayawezi kuchukuliwa moja kwa moja kuwa picha ya karne ya 12, lakini muundo wa chombo chenyewe unaonyesha ufundi uliokomaa kwa vizazi vingi.

Kazi ilianza na mkuku, yaani gogo refu la chini linalobeba uzito wa chombo chote, ambalo lilichongwa kutoka mti mmoja na kuachwa litokeze mbele ya omo kama pua ndefu. Juu ya mkuku, mbao zilizochongwa kwa tezo ziliwekwa ukingo kwa ukingo, matundu madogo yakatobolewa kandokando ya kila ubao, na nyuzi imara za mwale au za mimea mingine zikapitishwa humo na kukazwa, kisha mshono ukazibwa kwa nyuzi laini za mimea ili kupunguza maji yanayoingia. Mbao za kukalia wapiga kafi, zilizopita kutoka ubavu hadi ubavu, zilikuwa pia viunzi vya kuzuia chombo kisibanwe na mawimbi. Mbele ya omo palisimamishwa mti uliopinda, mara nyingi ukipambwa kwa pembe za mnyama na manyoya, na mbavu za chombo zikapakwa udongo mwekundu. Mtumbwi wa namna hiyo ulivuja siku zote, na mtu mmoja au wawili walikuwa na kazi ya kufua maji tangu safari ianze mpaka iishe.

Msomaji wa pwani ataukumbuka mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za usumba na kuendeshwa kwa tanga la mkeka, ambacho kilisafiri kati ya Lamu na miji mingine ya Waswahili hadi mwanzoni mwa karne ya 20, na ambacho asili yake ni ya kale mno, kwa kuwa kitabu cha mabaharia cha Kigiriki cha karne ya kwanza kinataja vyombo vya kushonwa katika pwani ya Afrika Mashariki. Wasafiri wa zama za kati walieneza hadithi kuwa vyombo vya Bahari ya Hindi vilishonwa kwa sababu miamba ya sumaku chini ya maji ingeing'oa misumari ya chuma. Mafundi wa ziwani wanaibatilisha hadithi hiyo na dhana nyingine inayofanana nayo, kwamba watu hushona mbao kwa kukosa chuma, kwa sababu kando ya Ziwa Viktoria chuma kilikuwa kikifuliwa tangu enzi ya Urewe, na majembe ya Samia yalijulikana kote ufuoni. Waliendelea kushona kwa kuwa mshono una faida zake: unakubali kunyumbulika chombo kinapopigwa na mawimbi au kukwaruza mchanga, na ubao uliopasuka unaweza kufunguliwa na kubadilishwa ufuoni na mtu mwenye tezo na kamba.

Baina ya vyombo hivi viwili kuna tofauti zinazotosha kuonyesha kuwa havikunakiliana. Mtepe uliendeshwa kwa upepo na ulitumia vijiti vya mbao kuunganisha kingo za mbao kabla ya kushonwa, ilhali mtumbwi wa ziwani ulisukumwa kwa makafi na ulikuwa na mkuku uliotokeza mbele kwa namna isiyoonekana pwani. Tanga la pembetatu linaloonekana leo juu ya mashua za Dunga, Mbita na Usenge lilifika ziwani katika karne ya 19 kupitia kwa wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili, na misumari ikachukua nafasi ya nyuzi katika karne iliyofuata. Mashua hizo za misumari bado zinaitwa sesse na wavuvi wengi, jina linalotoka katika visiwa vya mafundi wa awali.

Upepo wa saa na upepo wa miezi

Safari za pwani zilifuata pepo za msimu: kaskazi iliwaleta wafanyabiashara kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na kusi ikawarudisha, hivyo baharia aliweza kungoja Lamu au Kilwa kwa miezi. Ziwani, nahodha alingoja saa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa juu ya nchi hupanda, na upepo wa ziwa huvuma kuelekea bara kujaza nafasi yake, ndiyo maana alasiri upepo wa magharibi huingia ghubani kuelekea Kisumu na kuyavuruga maji mafupi. Usiku mambo hugeuka, nchi kavu hupoa upesi, na upepo hutoka bara kwenda ziwani. Mtumbwi wa makafi wenye kingo fupi na mishono inayovuja ulifaa kusafiri alfajiri maji yakiwa shwari, kwa hatua fupi kutoka rasi hadi kisiwa, na kwa sababu hiyo ramani ya bandari za kale haitakuwa na mji mmoja mkubwa, bali mfululizo wa mialo midogo iliyokingwa na upepo wa alasiri: nyuma ya rasi za Uyoma na Sakwa, kwenye mlango mwembamba wa Mbita, na upande wa kivuli cha upepo wa Rusinga na Mfangano.

Bidhaa zilizopita humo zilikuwa za mahitaji ya kila siku. Michael Kenny, aliyechunguza biashara ya mashariki ya ziwa kabla ya ukoloni, alieleza mabadilishano ya nafaka, samaki waliokaushwa, vyungu, mifugo na majembe ya chuma kati ya watu wa visiwani, ambao mara nyingi walipungukiwa na chakula cha shambani, na watu wa bara waliokuwa na ziada. Mizigo ya namna hii haina mng'aro wa kauri ya China, na samaki na nafaka huoza bila kuacha alama. Vyungu na chuma, kwa upande mwingine, hudumu, na uchunguzi wa kimaabara wa madini yaliyomo katika udongo wa kigae au katika taka za tanuri unaweza kuonyesha kama chungu kilichovunjikia Mfangano kilifinyangwa hapo hapo au kilivushwa kutoka bara. Njia ya aina hii imekwisha kuzaa matunda katika eneo hilo kwa mawe: vipande vya obsidiani, kioo cha asili cha volkano, vilivyopatikana Gogo Falls vimetambuliwa kwa kemia yake kuwa vilitoka Bonde la Ufa karibu na Naivasha, zaidi ya kilomita 150 kutoka hapo.

Tope linahifadhi, mdudu anatoboa

Swali la kama mtumbwi wa zama za kati unaweza kuwa bado upo ni la kibiolojia kabla ya kuwa la kihistoria. Baharini adui mkubwa wa mbao ni minyoo wa merikebu, ambao kwa kweli ni jamii ya chaza wenye mwili mrefu wanaotoboa mbao na kuzimaliza kwa miaka michache, na hawa hawaishi katika maji baridi ya ziwa. Faida hiyo, hata hivyo, haikamiliki, kwa sababu Ziwa Viktoria lina mtobozi wake, mdudu wa majini aitwaye kwa jina la kisayansi *Povilla adusta*. Kiluwiluwi chake huchimba vishimo katika mbao zilizozama na katika mashina ya mafunjo, hutandika kuta za kishimo kwa uzi wa hariri wa mwili wake, na humo huchuja chakula kutoka majini mpaka anapokomaa na kuruka, mara nyingi siku chache tu baada ya mwezi mpevu. Ubao ulioachwa wazi juu ya sakafu ya ziwa, kwa hiyo, hutobolewa kama ungo, na kuvu na bakteria humalizia kilichobaki.

Ubao uliofukiwa una bahati tofauti. Mito ya Nyando, Sondu Miriu na mingine huleta ghubani udongo mwingi kila masika, na udongo huo ukitua juu ya chombo huzuia oksijeni, bila ambayo mdudu mtobozi na kuvu hawawezi kuishi. Afrika ina mfano mkubwa wa uhifadhi wa namna hiyo: mwaka 1987, mchungaji aliyekuwa akichimba kisima katika kijiji cha Dufuna, kaskazini-mashariki ya Nigeria, alikuta mtumbwi wa gogo wenye urefu wa mita 8.4 ukiwa umefukiwa mita kadhaa chini ya udongo wenye maji, na vipimo vya kaboni-14 vikaonyesha kuwa una umri wa takriban miaka 8,000. Kipimo hicho hutegemea ukweli kwamba kaboni-14 katika kiumbe kilichokufa hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730. Mbao na makaa hutoa majibu yanayoaminika kuliko makombe ya ziwani, kwa kuwa kome hujenga gamba lake kwa kaboni iliyoyeyuka majini, ambayo huenda ni ya kale kuliko kome mwenyewe.

Kutafuta ndani ya Ghuba ya Winam kunahitaji vyombo vinavyoona bila macho, kwa kuwa maji yake ni ya tope na mara nyingi yamefunikwa na gugu maji, mmea wa kigeni uliovamia ziwa kuanzia miaka ya 1990. Sona ya pembeni huvutwa nyuma ya mashua na kutuma mawimbi ya sauti yanayochora sura ya sakafu, kifaa kingine hutuma sauti nzito inayopenya tope na kurudisha mwangwi wa tabaka zilizo chini yake, na magnetomita hupima mabadiliko madogo ya nguvu ya sumaku yanayosababishwa na chuma. Cha mwisho hakitauona mtumbwi ulioshonwa, lakini kitaona meli za mvuke. Kupata ubao ni nusu ya kazi, kwa sababu mbao zilizokaa majini kwa karne nyingi hushikilia umbo lao kwa maji yaliyomo ndani ya seli, na zikikaushwa ovyo huporomoka na kupasuka. Meli ya Vasa iliyozama Stockholm mwaka 1628 na kuopolewa mwaka 1961 ilinyunyiziwa kwa miaka 17 kemikali ya nta inayochukua polepole nafasi ya maji hayo.

Tabaka la chuma

Juu ya historia ya makafi limelala tabaka jipya la chuma na mvuke. Reli ya Uganda ilifika ufuo wa Kisumu tarehe 20 Desemba 1901, na kituo chake kikaitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston aliyesimamia utandazaji wa reli. Kabla ya hapo, vipande vya meli ya mvuke iitwayo William Mackinnon vilikuwa vimebebwa na wapagazi kutoka pwani, na meli hiyo ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1900. Zilizofuata, Winifred, Sybil na Clement Hill, zilijengwa kwanza Scotland, kila kipande kikatiwa namba, zikafunguliwa, zikasafirishwa hadi Mombasa, na hatimaye zikaunganishwa tena Kisumu kwa ribiti. Utaratibu huo uliufanya mji kuwa mahali pa kuunda meli, kazi iliyorudi siku hizi katika karakana za kisasa za bandari hiyo hiyo.

Miaka hiyo hiyo ilivunja sehemu ya mfumo wa zamani. Ugonjwa wa malale uliua watu wengi kandokando ya ziwa kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, na kuanzia takriban mwaka 1907 serikali ya kikoloni iliwahamisha wakaazi wa Ssese na Buvuma. Mafundi waliokuwa wakishona mitumbwi mikubwa wakatengana na misitu na wateja wao wakati ule ule ambao meli za mvuke zilikuwa zikichukua shehena. Mwanaakiolojia anayesoma ufuo wa Kisumu kwa hiyo ana tabaka mbili zilizo karibu sana: mabaki ya magati na chuma ya miaka ya 1900, na chini yake, ikiwa tope limefanya kazi yake, masalia ya mialo ya wapiga kafi.

Kabla ya kuchimba tope

Kenya imekwisha kuonyesha kuwa ina uwezo wa kazi hii. Kati ya 1977 na 1980, wataalamu wa makumbusho ya taifa na Taasisi ya Akiolojia ya Majini ya Marekani, wakiongozwa na Robin Piercy, walichimba mabaki ya meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697 wakati wa kuzingirwa kwa ngome hiyo, na vitu vilivyopatikana vimehifadhiwa Mombasa mpaka leo. Tangu hapo nchi imefunza wataalamu wake wa kuzamia, na kazi yao imeelekezwa zaidi baharini.

Ufuo wa ziwa unastahili sehemu yake, na wakati wake ni sasa. Tangu mwaka 2019 bandari ya Kisumu imefufuliwa, na meli ya MV Uhuru iliyojengwa katika miaka ya 1960 imerejea kubeba shehena kwenda Uganda. Kazi hizo zina manufaa makubwa kwa uchumi, lakini zikifuatana na uchimbaji wa mchanga katika Homa Bay na upanuzi wa mialo, zinagusa tope lile lile linalohifadhi historia. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 kuhusu urithi uliozama unakihesabu kila kilichotengenezwa na binadamu na kukaa majini kwa miaka 100 kuwa urithi unaostahili ulinzi, hivyo mitumbwi ya kale iliyozama imo.

Hatua zinazohitajika hazina gharama kubwa zikilinganishwa na gharama za ujenzi wenyewe. Kila mradi wa kuchimba tope ghubani uanze na upimaji wa sona na wa tabaka, na matokeo yake yakaguliwe na wataalamu wa makumbusho kabla ya mitambo kushuka majini. Kamati za mialo zifundishwe kutambua ubao wenye matundu ya kushonea, kigae chenye kishimo kitakoni na pingili ya chuma ya kale. Mvuvi ambaye wavu wake utaleta kitu cha namna hiyo asikiache kikauke juani wala asikitupe: akirudishe ndani ya maji au akiweke katika ndoo ya maji ya ziwa, akumbuke mahali alipokipata, kisha atoe habari kwa Makumbusho ya Kisumu.